Msuli

Jumatatu, alfajiri. Naandika nikiwa nimelala chali, mguu wa kulia juu ya mito miwili, paja lote linanukia dawa ya kuchua. Mke wangu yuko jikoni anachemsha maji ya kunikanda, anacheka peke yake. Anadhani simsikii.

Jana jioni mwanangu alinifunga. Uwanja wetu ni korido: goli lake ni mlango wa chumba cha watoto, langu ni mlango wa choo, na mpira ni wa soksi tusije tukavunja kitu. Alipofunga akashangilia kama Ronaldo: mbio fupi, akaruka, akajigeuza hewani, akatua kanipa mgongo, miguu kaitanua, mikono kaishusha kwa nguvu, "Siuuu!" Ana miaka tisa. Ronaldo alianza mambo hayo 2013, huyu hata kuzaliwa bado, lakini ukimwona utadhani alimfundisha yeye.

Dakika mbili baadaye nikasawazisha. Sasa mtu mzima ukishasawazisha koridoni, na mtoto kakununia, shetani anakaa wapi kama si hapo? Nikakimbia hatua nne, zaidi ya hapo ni ukuta. Kuruka niliruka. Kugeuka niligeuka, tuseme nusu. Kutua ndiko kulikoniponza: mguu mmoja ulikanyaga marumaru, mwingine ukakanyaga kizulia cha mlangoni, na kizulia kikaondoka nao. Nyuma ya paja kitu kikalia "tap", kama mpira wa manati unapokatika.

Mtoto akaja kunisimamia kichwani. "Baba, umesema siuuu kabla hujatua. Inasemwa ukishatua."

Pole hakunipa. Badala yake akaniambia kuna mchezaji wa Vietnam naye aliumia kwa kuiga hivyo hivyo. Nimetafuta kwenye simu usiku huu, ni kweli, ilikuwa 2023. Yule ni mchezaji wa ligi, anafanya mazoezi kila siku. Nimejisikia nafuu kidogo.

Na kwa kuwa usingizi uligoma, simu ikanipeleka mbali zaidi, mpaka Kombe la Dunia la Italia 1990. Kamerun na Kolombia, mjini Napoli, tarehe 23 Juni.

Usiku ule nilikuwa na miaka kumi, tunakaa kwenye nyumba za shamba la mkonge huko Tanga, baba akiwa karani wa shamba. Televisheni hatukuwa nayo, na hata tungekuwa na hela za kununua tungetazama nini? Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na yao ya rangi tangu miaka ya 70, sisi wa Bara tulingoja mpaka 1994. Tulikuwa na redio, na betri ambazo mchana kutwa zilianikwa juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni. Ilishapita isha. Dakika za nyongeza. Roger Milla, mshambuliaji wa Kamerun, kafunga la kwanza, kisha Higuita, kipa yule wa Kolombia wa kutoka golini na mpira mguuni, akajaribu kumpiga chenga. Chenga gani kwa Milla? Akapokonywa, goli likabaki tupu. Redio ikawa inakwaruza, sauti inakuja na kupotea, na tulichoambulia ni kwamba mzee kaenda kwenye kibendera cha kona, anacheza.

Basi tu. Anacheza. Anachezaje, hatukuambiwa.

Baba yangu, mtu ambaye tulikuwa tukisikia baiskeli yake tunaokota madaftari, akatoka nje amevaa msuli na singlendi, akaenda kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, akacheza. Alikata kiuno akiizunguka ile nguzo, mkono mmoja kauinua juu, mwingine kaushikilia tumboni kwenye fundo, maana msuli ulikuwa unataka kumwaibisha. Mama alitoka na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Baba alikuwa na miaka 38, sawasawa na Milla, na sijapata kumwona akicheza tena, si harusini, si popote.

Mimi nina 45. Nimempita baba wa usiku ule, nimempita hata Milla wa 1994, aliyewafungia Kamerun goli la kufutia machozi akiwa na 42, siku Urusi ilipowachapa 6-1.

Video ile nilikuwa sijawahi kuitazama nikiwa nimetulia. Nimeitazama leo mara sita. Milla anafika kwenye kibendera, anakata kiuno, mkono mmoja hewani, mwingine tumboni. Tumboni kabisa! Nimeirudisha nyuma nihakikishe.

Kumekucha. Nimempigia baba, huwa anaamka mapema kumwagilia mchicha. Nilimweleza kwanza habari ya paja, akauliza kama nimekandwa. Nikamwambia nimekandwa. Kisha nikamwambia habari ya ule mkono.

Akanyamaza kidogo, nasikia maji yanamwagika kwenye ndoo.

"Kwani naye alikuwa kavaa msuli?"