Leo mwanangu ameulizwa

Ndiyo kwanza nimetoka mahakamani. Mwanangu ana miaka 11. Mimi na baba yake tumeachana, na kila mmoja anataka mtoto akae kwake.

Hakimu alimwita faraghani, sisi tukabaki nje kwenye benchi.
Baba yake huku, mimi kule, katikati begi la shule.

Alipotoka hakumkimbilia yeyote.
Alilichukua begi lake, akaanza kuchezea zipu. Anafunga, anafungua. Anafunga, anafungua.

Sikumuuliza amesema nini. Nilitamani, Mungu anajua.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unataka mtoto asikilizwe, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini kusikilizwa si kubebeshwa uamuzi. Mwamuzi ni hakimu, na jana usiku nilimrudia hilo mara tatu kabla hajalala.

Njiani kaniuliza jambo moja tu:
“Mama, baba atalia?”

Mliopitia haya, mlimjibu nini mtoto?