Siku yangu moja kule Nyari, Marafa

Saa 10 alfajiri alamu inalia na mke wangu kanipiga kiwiko, "Baba Salma amka, si ulisema wageni wanatoka saa 11?" Nikaamka. Madumu ya maji nilishajaza usiku, nikapitia mahamri na mbaazi njiani, huyo nikaenda kuwachukua. Watano, wanne wa Nairobi na Mmarekani mmoja. Kazi yangu ni kutembeza wageni, na tafadhali msiniite tua gaidi, hilo neno la pili huku pwani lina kesi yake.

Tukavuka daraja la Sabaki bado giza, saa 12 na kitu tuko Marafa, kwenye lile bonde la kuta za mchanga kaskazini mwa Malindi. Mzee wa getini akatukatia risiti, tukaanza kushuka.

Wengi huja jioni, wanapiga picha pale juu ukingoni jua likizama halafu wanarudi Malindi, na kweli rangi zinawaka mashallah, lakini mie naona hao hawajafika Marafa. Hili bonde ni la kuingia chini, na uingie asubuhi, maana ikifika saa 6 mchana kule chini ni ndani ya chungu, upepo haupiti na kivuli hakuna. Watalii hawakupaita Hell's Kitchen, yaani jiko la jehanamu, bure. Wagiriama wanapaita Nyari, mahali palipojivunja penyewe, na mie hilo ndilo jina naliona sawa, kwa sababu bado panajivunja.

Huwa namwambia mgeni aweke kiganja ukutani. Anadhani ni jiwe, kumbe mchanga ulioshikana tu, ukisugua kwa kidole unamwagika kama unga wa muhogo. Huku mweupe, pale wa pinki, halafu wa machungwa, halafu mwekundu wa kutu kabisa, na kuta zenyewe zinafika mita 30 hivi. Mvua ikipiga inaondoka na kipande. Nilipoanza hii kazi kulikuwa na mti tukipumzika chini yake kule ukingoni, saa hizi nusu ya mizizi yake inaning'inia hewani.

Saa 2 dada mmoja ndala ikamkatika (nilisema viatu, nilisema!) nikaifunga na kipande cha leso, na ndiyo nikapata nafasi ya kuwapa ile hadithi ya wazee, familia tajiri ya ng'ombe wengi waliokuwa wanaoga maziwa mpaka Mungu akawadidimiza, nyeupe ndio maziwa na nyekundu ndio damu. Kijana mmoja akaniuliza, "Na hii ya machungwa, bro?" Nikamwambia labda walikuwa na Fanta.

Yule Mmarekani akasema kwao California, jangwa la Anza-Borrego, kuna mapango ya udongo mtupu, maji ya mvua yamechimba chini kwa chini, watu wanaingia na tochi na helmeti na mara nyingine dari linaanguka. Nikamuuliza, na bado mnaingia? Akacheka, eti tunaingia. Mie hapa nikisikia vichangarawe vinateremka ukutani nahamisha watu kwanza, kucheka baadaye.

Tulizunguka njia ndefu, nguzo baada ya nguzo, mahali pengine mnapita mmoja mmoja ubavu ubavu, na ule mpando wa mwisho ukamaliza maji yote. Saa 4 na nusu tuko juu, wote kimya. Sima na mchicha kijijini, nikalala chini ya mwembe mpaka saa 9.

Jioni kundi la pili, hawa wa picha tu. Sina neno, wamelipa.

Saa 3 usiku nikavua viatu mlangoni nikavikung'uta, mchanga ukamwagika kizingitini, mwekundu na mweupe. Mama Salma kauangalia, kaniangalia mie, akasema ufagio huo hapo nyuma ya mlango.