Kusaini mkataba bado sio kuridhia

Jamani hili jambo linanisumbua kila nikiona zile picha za viongozi wamekaa mezani bendera nyuma yao, wanasaini, wanabadilishana mafaili, halafu watu mtandaoni wanaandika "tayari nchi imeshaingia". Mara nyingi bado! Saini pale inasema maneno tumekubaliana na nia tunayo, ila kinachoifunga nchi ni kuridhia, na neno lenyewe linatoka kwenye ridhaa, yaani mkataba unarudi nyumbani, wale waliopewa mamlaka na katiba, mara nyingi bunge, wanausoma na kuamua, ndo serikali inaandika hati ya kuridhia na kuipeleka kwa anayetunza mkataba, mfano Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. (Ipo mikataba ambayo saini peke yake inatosha, sawa, ila hilo huwa limekubaliwa mapema.)

Chukua Rais Woodrow Wilson wa Marekani. Mwaka 1919 alikaa Ulaya miezi kwa mazungumzo, akasaini mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa mkono wake, na ndani yake kulikuwa na Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa), kitu alichokipigania kuliko chochote. Kurudi nyumbani Seneti, baraza la juu la bunge lao, ikagoma. Machi 1920 wakapiga kura tena, 49 ndio, 35 hapana, ukiangalia harakaharaka unasema si amepita huyu, kumbe katiba yao inataka theluthi mbili, zilipungua kura 7, basi, Marekani haikuingia kwenye Shirikisho hilo mpaka likavunjwa.

Na mikataba mingi inasubiri idadi. Ule wa Eneo Huru la Biashara Afrika ulisainiwa Kigali Machi 2018, ukahitaji nchi 22 ziridhie, ukaanza kutumika Mei 2019. Ule wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, wa 1996, unataka nchi 44 zilizotajwa kwa majina, zote, mpaka leo haujaanza.

Kinachoniuma ni bunge kupitisha mkataba kwa nusu siku bila kuusoma, maana waliojadiliana walijifungia chumbani, hapa ndo mahali pa mwananchi kuuliza tunajifunga kwenye kitu gani.

Siku hizi naangalia orodha ya Umoja wa Mataifa, ina safu ya tarehe ya saini na safu ya kuridhia. Mkataba wa Haki za Mtoto, Marekani: saini 1995. Safu ya pili tupu.