Azabu ya maji

Jana kwenye robine (bomba la maji), huku Kadutu, Bukavu, mama mmoja alishusha bidoni tupu akalia: «Hii ni azabu, jamani!» (yaani adhabu). Nikajiuliza, nani kamhukumu? Jirani yangu, mwalimu wa madrasa, akasema mama yuko sawa: neno limetoka Kiarabu, na huko ni malipo ya kosa na ni maumivu makali pia. Hata Kifaransa chetu cha masomo: peine ni adhabu ya mahakama, ni huzuni vilevile, neno limetoka Kilatini poena, na nyuma yake Kigiriki, malipo ya damu. Neno letu lenyewe la Kibantu ni mateso, toka kutesa.

Ila hili ndilo lililonichekesha: herufi zilezile za mzizi wa Kiarabu zinazaa adhbu, maji matamu yasiyo na chumvi. Na Ziwa Kivu lote liko pale chini!