Hii furaha tunayoitafuta iko wapi hasa

Nadhani kila mtu ameshawahi kujiambia hivi hata kama ni kimoyomoyo, nikipata kazi nitakuwa na furaha, nikioa, nikijenga, nikimaliza hili deni, yaani furaha tumeisogeza huko mbele kwenye kitu ambacho hata hakijafika. Halafu kinafika. Unafurahi kweli, wiki mbili tatu unaamka unatabasamu peke yako, baada ya hapo unazoea na safari inaanza upya, nikipata na kile sasa.

Hili wanasaikolojia wamelichimba siku nyingi. Mwaka 1978 kule Marekani, Philip Brickman na wenzake wawili waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu, hela nyingi kabisa, wakawalinganisha na watu wa kawaida ambao hawakushinda chochote na wakakuta kwenye furaha hawajaachana kivile. Sawa, watu 22 ni wachache, lakini kilichonigusa mimi ni kwamba wale washindi walikuwa wanasikia raha kidogo kuliko wenzao kwenye vitu vidogo vya kila siku, kupiga stori na rafiki, kusikia kichekesho, kusifiwa. Yaani kile kikubwa kilivyoingia kikavifanya vidogo vipoe, na maisha karibu yote ni hivyo vidogo!

Sasa msinielewe vibaya, mimi simo kwenye lile kundi la pesa si kitu. Mtu ana mtoto mgonjwa, hana hela ya dawa, halafu unamwambia furaha inatoka ndani, hapo unamkosea kabisa. Pesa inaondoa mateso mengi sana na anayebisha hajawahi kulala na njaa. Ila inategemea pia inaenda kwa nani. Kuna utafiti wa Elizabeth Dunn na wenzake wa 2008, asubuhi waliwapa watu bahasha, wengine dola 5 wengine dola 20, nusu wakaambiwa jitumieni wenyewe na nusu wakaambiwa mtumieni mtu mwingine, mwisho iwe jioni. Jioni waliotumia kwa wengine ndio walikuwa na furaha zaidi, na ile 5 au 20 haikuleta tofauti yoyote. Halafu watu wengine walipoulizwa wakisie wakasema kinyume, kwamba ukipewa 20 ujitumie mwenyewe ndio utafurahi zaidi. Ndio maana nasema tunaitafuta sehemu ambayo haipo, na tunaitafuta kwa bidii kweli.

Mimi naamini furaha inakuja ukiwa umeshughulika na kitu au mtu mwingine kiasi kwamba umesahau kujiuliza kama una furaha. Mtu anayeipenda kazi ya mikono yake, mwangalie akiwa katikati ya kazi, hata ukimwita hasikii. Na zaidi ya kazi ni watu. Harvard walianza kuwafuatilia vijana tangu 1938 mpaka wakazeeka, baadaye wakaingia hadi watoto wao, na kitu kikubwa walichokiona ni kwamba waliokuwa na mahusiano mazuri ndio walizeeka na afya na furaha. Na wingi wa marafiki sio ishu, ishu ni je kuna mtu ambaye mambo yakiharibika unajua kabisa huyu atakuja?

Wasio na mtu wa hivyo ndio wananiumiza roho, na ni wengi, wengine wana namba mia tano kwenye simu. Uingereza mwaka 2018 waliteua hadi waziri wa kushughulikia upweke, wako waliocheka, mimi niliona wamefanya la maana sana. Kama kuna mtu amekujia kichwani wakati unasoma hapa mpigie leo, usiwe na shida yoyote, mwambie tu nimekukumbuka, halafu muache aongee.