Futari ya Pasua

Jana nimefuturishwa kwa jirani hapa Pasua, Moshi. Mimi Mkatoliki wa Kibosho, mtu wa mtori. Nikawekewa tende, uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi.

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, nyie mnatuonaje?" Nikamsimulia Louis Massignon, msomi Mkatoliki wa Ufaransa aliyetumia maisha yake kumsoma al-Hallaj, sufi (mcha Mungu wa Kiislamu) aliyeuawa Baghdad mwaka 922. Kitabu chake kikubwa kikatoka 1922, miaka elfu kamili! Alifariki 1962, miaka mitatu baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki) ukatamka kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja.

Mzee akakohoa (uji ulikuwa mkali kweli). "Huyo Mfaransa magimbi alikula?"

Akaniongezea bakuli. Mimi nilishashiba tangu tende ya tatu.