Mkono wa kushoto kwenye kibodi

Leo nimemaliza kupima picha za vipande vya mihogo tulivyokata wiki tatu zilizopita wilayani Mkuranga, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kimepona. Nayaandika haya mawili pamoja kwa sababu yanahusiana kuliko nilivyodhani nilipoanza.

Kazi yenyewe ni kujua ugonjwa wa michirizi ya kahawia umekula kiasi gani cha mzizi. Majani huweza kuonekana mazuri kabisa, na mkulima asijue lolote hadi siku ya kuchimba, anapokata muhogo na kukuta madoa makavu ya rangi ya hudhurungi ndani ya nyama nyeupe. Kwa desturi tunautazama mzizi kwa macho na kuupa alama kutoka 1 (mzima) hadi 5 (umeharibika sana). Tatizo la alama ni kwamba 3 yangu asubuhi si lazima iwe 3 yangu saa kumi jioni nikiwa na njaa. Ndiyo maana msimamizi wangu alitaka tupige picha kila kipande na kupima eneo la madoa kwa programu ya ImageJ, ambayo Wayne Rasband aliitengeneza katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kuitoa mwaka 1997 kwa matumizi ya yeyote bila malipo. Ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta yangu mpakato, ambayo imezeeka, haikulalamika hata mara moja.

Siku mbili za kwanza nilifanya kila kitu kwa kipanya, hadi kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuuma. Nilipanda kwenye upau wa zana kuchukua poligoni, zana ya kuchora mpaka wa pembe nyingi, nikashuka kuzungushia kipande bila kugusa ganda, nikapanda tena kwenye menyu kutafuta amri ya kupima, kisha nikarudi kuchukua zana ya mkono ya kusogezea picha, na kila safari ya namna hiyo ililazimisha jicho liache mpaka wa doa na kulitafuta upya. Mara nyingine nilibofya nje ya mpaka kwa bahati mbaya na uteuzi wote, yaani mpaka niliouchora, pembe arobaini na kitu, ukatoweka. Hadi mwenzangu wa maabara aliponionyesha kwamba Ctrl, Shift na E kwa pamoja huurudisha uteuzi uliopotea, nilikuwa nimechora kipande kimoja mara tatu.

Sasa mkono wa kushoto haubanduki kwenye kibodi. Alama ya kujumlisha hukuza picha, kitufe cha nafasi kikishikiliwa hugeuza zana yoyote kuwa ile ya mkono ya kusogezea, M hupima, na T huhifadhi mpaka kwenye orodha ya maeneo. Lakini vitufe ninavyovithamini zaidi ni Shift na Alt. Madoa ya ugonjwa huu hayakai pamoja, yametawanyika kama visiwa, na baadhi yana kipande cha nyama safi katikati. Nikishikilia Shift ninaongeza kisiwa kingine kwenye uteuzi uleule; nikishikilia Alt ninaondoa ile nyama safi, na mwisho M moja inanipa eneo la visiwa vyote kwa jumla. Nikiligawa kwa eneo la kipande kizima napata asilimia, wala sihitaji kuiambia programu milimita moja ni pikseli (vinukta vya picha) ngapi, kwa kuwa vyote viwili vimo katika picha ileile.

Zana iliyonisumbua ni ile yenye umbo la fimbo ya mazingaombwe. Unabofya mahali, nayo inatafuta mpaka yenyewe. Katika picha ya kijivu ya biti 8, yenye ngazi za mwanga kutoka 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), ukiiwekea uvumilivu wa 20 itakusanya pikseli zinazopakana ambazo hazitofautiani na ile uliyoibofya kwa zaidi ya ngazi 20. Maana yake ni kwamba ukibofya katikati ya doa, penye giza, unapata mpaka mmoja, na ukibofya pembeni kidogo unapata mwingine, ilhali doa ni lilelile. Niligundua hivyo kwa kubofya mara mbili bila kukusudia. Tangu hapo ninabofya penye giza zaidi, siku zote, na uvumilivu siubadilishi katikati ya kazi.

Wepesi nao una gharama yake. Kwa kawaida programu hii hupokea herufi tupu kama amri, bila kitufe cha Ctrl. Jumanne nilikuwa naandika neno «fungu» kwenye jedwali langu, au ndivyo nilivyodhani, kumbe dirisha la mbele lilikuwa la picha. F ilijaza uteuzi wote rangi nyeusi, na nilipofika kwenye N likafunguka dirisha la kutengeneza picha mpya. Nilibaki nimeduwaa nikitazama muhogo uliooza kwa asilimia mia moja. Kwa bahati nilikuwa sijahifadhi, nikairudisha picha ya awali kwa R. Programu hukumbuka hatua moja tu ya kutendua, kwa hiyo ningeendelea kubonyeza ovyo ningejuta. Nimeingia kwenye mipangilio nikaifanya idai Ctrl kwa kila amri. Kidole kidogo kinachoka zaidi, ni kweli, ila nimekubali.

Leo mchana msimamizi alifungua faili lenye mipaka yangu yote juu ya picha zake, akapitia kimoja kimoja. Akasimama kwenye kipande cha 14. «Huu utando wa njano kuzunguka doa umeuacha nje kwa nini?» Nikamjibu kwamba nyama pale bado ilikuwa laini nilipoishika, haijakauka. Akasogeza picha, akaikuza hadi pikseli zikaonekana kama vigae, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama vipande vingine vyenye utando huo nimevifanya vivyo hivyo. Vingi, ndiyo. Viwili, hapana, kwa sababu nilivipima siku ile ya kwanza kabla sijaamua. Kesho nitaanza na hivyo viwili.